Bikoni Mbili za Chumvini

Mume wangu Simeon Kigen anapima kila kitu. Hata chai. Ukimwekea kikombe kisichofika kwenye mstari wa bluu, ataangalia kikombe, atakuangalia wewe, halafu atanyamaza kama mtu aliyedhulumiwa. Hapa mtaani Kapsoya wanamwita Mzee Futi. Majirani wakigombania ua, hawaendi kwa chifu kwanza, wanakuja kwangu kuuliza kama Mzee Futi ameamka. Naye atatoka na gumboti zake na utepe wake wa kupimia, atainama, atachokora udongo kwa kijiti, na mwishowe atasema, "Hapa." Mwaka juzi alimwambia Mama Nduta mwenye duka, mbele ya watu, abomoe choo kipya kwa sababu kimeingia kwa jirani inchi saba. Inchi saba! Mama Nduta hakunisalimia mwezi mzima, ikabidi niwe nikitembea hadi barabara kuu kununua kiberiti.

Nawaambia haya mapema ili mjue nimeolewa na mtu wa namna gani. Ndipo mtaelewa kwa nini nilikasirika jinsi nilivyokasirika.

Kabla ya kustaafu Simeon alikuwa mshika cheni wa wapima ardhi wa serikali. Mpima ardhi ndiye aliyesoma, anachungulia kwenye darubini na kuandika. Mshika cheni ndiye anayevuta ule mnyororo wa kupimia vichakani, anachanwa na miiba, anachimba shimo na kusimika bikoni, ile nondo iliyozungushiwa saruji inayoonyesha shamba limeishia wapi. Kazi hiyo ilimzungusha Kenya nzima. Lakini mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa Chumvini, kamji kadogo huko pwani, alikofanya kazi mwaka wa themanini na nne, kabla hajanioa.

Chumvini, Chumvini! Nimelisikia jina hilo mpaka nikachoka. Palikuwa na msikiti mmoja, shule ya makuti, na askari mmoja aliyefuga kuku kwenye selo. Watu walishuka baharini wakati wowote kama sisi tunavyoshuka mtoni. Palikuwa na msichana aitwaye Mbodze aliyewauzia mihogo ya kuchemsha kila asubuhi, na siku Simeon alipougua malaria, huyo Mbodze na mama yake walimlaza barazani kwao na kumnywesha uji siku tisa. Sikuwahi kumwonea wivu. Mtu akimponyesha mume wako kabla hujamjua, utamwonea wivu wa nini?

Sasa Chumvini ni manispaa. Ina bodi, ina meneja, ina lango lenye maandishi ya kukukaribisha peponi. Hoteli zimejipanga ufukweni, bega kwa bega, na wazungu wamelala mbele yake kama mahindi yaliyoanikwa. Mimi sina ugomvi na hoteli. Watu wapate kazi, watu wale. Ugomvi wangu ni na mtu anayejenga nyumba halafu anafunga mlango wa jirani.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili moja baada ya kanisa. Binti yetu Chebet, mwalimu kule Kimumu, alikuja kutuona, akamwonyesha babake video kwenye simu. "Baba, si hii ndiyo Chumvini yako?"

Nikachungulia. Kulikuwa na ukuta mrefu mweupe ulioshuka mpaka ndani ya maji, na wanawake wenye mabeseni wakipiga kelele nje yake. Akatokea bwana mmoja wa hoteli, shati limepigwa pasi, akaonyesha vyuma viwili vilivyofukuliwa mchangani. Akasema hizo ni bikoni za serikali, na zimethibitisha kwamba ploti yao inashuka hadi hapo majini, kwa hiyo ufukwe wote wa mbele ni mali yao. Ramani ya zamani, akasema, ililiwa na mchwa ofisini. Mchwa! Nimeishi miaka sitini na moja na sijawahi kuona mchwa anayechagua ukurasa.

Simeon akaweka kikombe chini. "Rudisha nyuma," akasema. Chebet akarudisha. "Tena." Akaitazama mara nne. Halafu akatoka kwenda kwa ng'ombe, bila kofia, na jua lilikuwa kali.

Nikamfuata. Nikamkuta ameshika pembe za Sukari, yule ng'ombe wetu mweupe, kana kwamba ndiye angemshikilia asianguke.

"Zile bikoni nilizisimika mimi," akasema. "Na si za kweli."

Akanieleza, nami nitawaeleza vile alivyonieleza. Walikuwa vijana watatu, wote wa huku bara, mmoja wa Burnt Forest, mmoja wa kijiji cha Ziwa, na yeye wa Moiben. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona bahari. Mpima ardhi wao alikuwa amekwenda Mombasa kwa siku mbili, akawaachia maagizo: simikeni bikoni mbili za upande wa bahari pale maji yanapoanzia. Wakafika saa sita mchana, siku yao ya kwanza pwani. Maji yalikuwa mbali sana, na wao wakadhani ndipo mahali pake. Wangejuaje? Sisi tunajua mabwawa. Bwawa ukiliacha asubuhi jioni utalikuta palepale. Wakashuka hadi ukingoni, wakachimba mchanga, wakasimika, wakajipongeza. Walipotoka kula wakakuta bahari imepanda na kumeza bikoni zote mbili. Yule wa Ziwa akapiga mbio akisema mto umevunja kingo. Mbodze alicheka mpaka akaketi chini na beseni lake.

Nami nilicheka, pale kwenye zizi, ingawa Simeon hakucheka. Haki ya Mungu, ni kosa ambalo mtu wa pwani hawezi kulifanya hata akiwa amelala.

"Mkubwa wetu aliporudi alitutukana sana," akaendelea. "Akatupeleka juu, pale maji yakijaa yanapoacha taka zake, tukasimika bikoni zingine mbili. Hizo ndizo za kweli. Ploti inaishia juu pale. Kuanzia hapo kushuka ni pa kila mtu."

"Basi si useme!" nikamwambia. "Mpigie mtu simu useme!"

"Nitasema," akajibu. Lakini hakuniangalia, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni haya ya kuchekwa.

Hata hatukuhitaji kutafuta mtu. Wiki hiyohiyo chifu alitupigia simu, kwamba kuna wakili wa wananchi wa Chumvini anayetafuta mtu yeyote wa kundi lile la wapima ardhi. Mpima ardhi mwenyewe alishafariki, na wale vijana wawili pia. Amebaki Simeon peke yake. Aliyelikumbuka jina lake ni Mbodze, ambaye sasa ni bibi na ndiye mwenyekiti wa wale wanawake wa mabeseni.

Mbodze mwenyewe akapiga. Simeon akaweka spika ili nami nisikie.

"Simeon, wanikumbuka?" Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Nitakusahauje, Mbodze?"

Wakasalimiana kirefu, wakaulizana habari za watoto. Halafu akatueleza. Ukuta ulipojengwa, njia yao ya kushukia baharini ilizibwa. Anayetaka kufika kwenye mashua kununua samaki inabidi azunguke kwenye majabali upande wa pili. Mwezi wa Agosti mkwe wake Kadzo, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa akirudi kwa njia hiyo na beseni la samaki kichwani. Maji yakampanda kabla hajamaliza kuzunguka. Walimpata kesho yake. Aliacha mapacha wa miaka mitatu.

"Sikuombi kitu kikubwa," Mbodze akasema. "Sema tu ulichokifanya."

"Nitasema, Mama," Simeon akajibu, huku akivipanga na kuvipangua vijiko vya mezani. Nikadhani ni huzuni. Nilikuwa nalia mimi mwenyewe, sikuwa na nafasi ya kuchunguza mikono ya watu.

Siku kumi kabla ya kesi, gari jeupe likasimama kwenye lango letu. Akashuka Collins, mtoto wa marehemu Mwalimu Jeconia wa mtaa wa West Indies. Collins huyu alisoma darasa moja na Chebet. Amekula ugali kwangu mara ambazo siwezi kuhesabu, na mursiki yangu, maziwa ya mgando ya kwetu, alikuwa akiimaliza mpaka kibuyu kinalia. Sasa amevaa suti, anafanya kazi Nairobi na kampuni yenye ile hoteli.

"Mama, habari ya siku nyingi! Mzee, umenona!" Akaketi, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe. Halafu akatoa bahasha nzuri yenye picha ya mnazi.

Ilikuwa likizo. Siku tano, mimi na Simeon, ndege kwenda na kurudi, chumba kinachotazama bahari, kula na kunywa hadi mseme basi. Chumvini kwenyewe, ndani ya hoteli yenyewe.

Wacha niseme ukweli, kwa sababu hii ni hadithi ya kusema ukweli. Nilitamani. Miaka thelathini na saba ya ndoa nimeahidiwa bahari, nami sijaiona ila kwenye kalenda. Nilishika ile bahasha, nikahisi karatasi yake laini, na moyo wangu ulikwenda. Nilijichukia papo hapo, lakini ulikwenda.

"Mzee hahitaji kudanganya," Collins akasema. "Aseme tu ni miaka arobaini, hakumbuki vizuri. Nani atamlaumu? Na hata akisema bikoni za juu ndizo za kweli, mawakili watamwuliza swali moja tu. Kama za chini zilikuwa kosa, mbona hazikung'olewa? Serikali haiachi bikoni mbovu ardhini. Mzee anajua sheria hiyo kuliko mimi."

Nikamtazama Simeon ili amjibu. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

"Collins," nikasema mimi, "uliwahi kusikia habari za Kadzo?"

"Nani, Mama?"

"Basi. Hata jina hulijui. Inuka." Akaanza kutabasamu, eti Mama tulia. Ala! Nitulie nyumbani kwangu? "Inuka, nimesema! Baba yako alifundisha watoto wa mji huu kusoma na kuandika, na wewe unakuja kumfundisha mume wangu kusahau? Chukua bahasha yako. Na chai hiyo imalizie kwa wazungu wako!" Nilimfuata hadi kwenye gari na ile bahasha, nikairusha ndani kupitia dirishani. Majirani walitoka wote. Mama Nduta alipiga makofi, na nadhani hapo ndipo alipotusamehe choo.

Niliporudi ndani, Simeon alikuwa bado ameketi vilevile. Hasira zilianza kunitoka, na swali la Collins likabaki kichwani peke yake.

"Baba Chebet," nikasema, "kwani ni nani aliambiwa azing'oe zile za chini?"

"Mimi," akasema.

Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Disemba. Lori la kuwaleta nyumbani Krismasi lilikuwa linaondoka mchana huo. Mkubwa wake akamwambia asubiri maji yashuke, achimbe, ang'oe nondo zote mbili, aje nazo. Maji yalichelewa, yalikuwa bado magotini. Lori likapiga honi. Simeon akavunja saruji ya juu kwa nyundo, akafunika vyuma kwa mchanga kwa mguu wake, akakimbia. Mkubwa akamwuliza, "Umeng'oa?" Akasema, "Nimeng'oa, bwana. Nimezitupa baharini." Akapanda lori.

Nilikuwa nimesimama. Nikaketi.

Mnanielewa? Mzee Futi! Inchi saba za Mama Nduta! Miaka yote hii anazunguka Kapsoya akiwavunjia watu vyoo, na kule Chumvini ameacha uongo wa chuma ardhini, ukisubiri mwizi aje auokote. Na mwizi akaja, akauokota, akajenga juu yake. Nilimwambia mambo ambayo mke hapaswi kumwambia mume, na sijutii hata moja. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kifo hakikuwa chake hata, kilikuwa cha mtoto wa watu. Hakujitetea. Angejitetea ningepata nafuu. Siku mbili sikumpikia, alijipikia viazi, na aliviunguza.

Siku ya tatu nikamwuliza, "Utasemaje?"

"Nikisema yote, Mbodze atajua."

"Na usiposema?"

"Ukuta utabaki."

Kama angesema tu kwamba za juu ndizo za kweli na akafyata ulimi kuhusu zile za chini, mawakili wangemla mzimamzima. Kama angesema yote, basi yule mwanamke aliyemnywesha uji siku tisa angejua ni nani aliyeacha vile vyuma.

Kesi ilisikizwa kwa video, kama siku hizi. Chebet akaleta kompyuta, tukaiweka kwenye meza ya chakula, juu ya vitabu vya nyimbo ili ifikie uso wa Simeon. Alivaa koti lake la harusi. Chini alikuwa na gumboti, kwani ng'ombe alikuwa anazaa asubuhi hiyo na hakukuwa na muda. Kwenye kioo tulimwona jaji, mawakili, na nyuma kabisa wanawake wa Chumvini wamekaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa na leso ya rangi ya machungwa. Simeon akaninong'oneza, "Ndiye huyo."

Akaapa. Akaeleza kuhusu maji ya saa sita mchana, na watu kadhaa wakacheka, hata karani. Mume wangu akavuta kola ya koti lake. Halafu wakili wa hoteli akasimama, taratibu, akauliza lile swali kama Collins alivyotabiri, neno kwa neno. Kama zilikuwa kosa, mbona hazikung'olewa?

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kompyuta, mahali ambapo mahakama haikuniona. Simeon akainua macho akanitazama mimi. Sikutikisa kichwa wala sikuitikia. Nilimwangalia tu, mtu wangu, mtu wa mstari wa bluu.

"Nilitumwa kuzing'oa," akasema. "Sikuzing'oa. Nilitaka kuwahi lori."

Akaeleza yote. Nyundo, mchanga, honi, tarehe.

"Kwa hiyo ulimdanganya mkubwa wako," wakili akasema.

"Ndiyo."

"Wewe ni mwongo, na leo unataka mahakama hii ikuamini?"

"Wakati ule nilidanganya nipate lori," Simeon akasema. "Leo lori liko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Jaji alikuwa anaandika. Simeon akaomba ruhusa, akataja vipimo vya zile bikoni za juu kutoka pembe ya msikiti wa zamani, futi ngapi kuelekea wapi, zote mbili, bila karatasi. Nami nilikuwa naangalia ile leso ya machungwa. Iliinuka. Mbodze akajitanda kichwani, akapita mbele ya wenzake, akatoka kwenye picha.

Mahakama ilikwenda kuchimba. Walizikuta, zote mbili, chini ya tuta la maua la hoteli, palepale aliposema. Hoteli ikaamriwa kubomoa ukuta kwa siku thelathini. Huku kwetu ile video ya kesi ilizunguka kwenye simu za watu, na kuna wajinga waliomwita Mzee Maji-Kupwa. Mmoja alithubutu kulisema mbele yangu nje ya kanisa. Nilimwuliza yeye alikiri kosa lake la mwisho lini, na mbele ya jaji yupi. Alikumbuka ghafla kwamba gari lake linamsubiri.

Simeon hakujali hayo. Alikuwa anasubiri simu moja.

Ilikuja Jumatano, kama saa nne asubuhi. Akaweka spika. Kulikuwa na kishindo cha nyundo na vigelegele vya wanawake, kwa muda mrefu. Halafu tukamsikia.

"Wasikia, Simeon?"

"Nasikia, Mama. Mbodze, mimi... naomba..."

"Ngoja," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Ukuta umeanguka. Kadzo hajarudi. Yote mawili ni yako, nami nitayataja yote mawili kila nikiulizwa."

Nikainuka. Nilitaka kumpokonya ile simu. Nilitaka kumwambia, mama, mume wangu aliacha vyuma viwili, hakujenga ukuta! Aliyejenga ukuta alikuwa anajua bahari inapanda, amelala mbele yake kila siku! Lakini Simeon aliushika mkono wangu, akaubana.

"Ndiyo, Mama," akasema kwenye simu. "Ni yangu."

Akakata. Akavaa kofia yake, akaenda kumkamulia ndama maziwa. Mimi nilibaki mezani nikiitazama ile simu, nikiwa na hasira ambayo hata leo haijapata mahali pa kwenda. Wenye hoteli bado wana hoteli yao. Hakuna mtu aliyewapigia wao simu kuwaambia habari za Kadzo.